Kupiga hesabu ya vifo vya wilaya ya Uingereza, 1900 hadi 1914: mwongozo kamili

Ripoti za kila mwaka za madaktari wa afya wa wilaya za Uingereza siku hizi zinasomwa bure mtandaoni, nyingi kupitia Wellcome Collection ya London. Anayezifungua kwa mara ya kwanza hukimbilia namba moja: kiwango cha vifo, kwa mfano 15.1 kwa kila watu 1,000. Anainakili, anailinganisha na ya wilaya jirani, kisha anaandika kwamba huku watu walikufa zaidi kuliko kule. Mara nyingi anakuwa amekosea, kwa sababu namba ile imejengwa kwa vipande vitano au sita, na kila kipande kina mahali pake pa kuvunjikia.

Mwongozo huu unafuata njia ya daktari wa afya mwenyewe, kuanzia daftari la msajili hadi jedwali la mwisho, ili uweze kuijenga hesabu upya na kuona ilipopinda. Kanuni inayobeba kazi nzima ni hii: kila aliyehesabiwa juu ya mstari wa mgawanyo kama mfu, lazima awe mtu ambaye angehesabiwa chini ya mstari huo kama angekuwa hai. Ukishaishika hiyo, mitego mingi utaiona kabla hujaikanyaga.

Karatasi zilitoka wapi

Usajili wa vizazi na vifo wa kiserikali ulianza England na Wales tarehe 1 Julai 1837. Sheria ya mwaka 1874 ndiyo iliyoukaza: kifo kiandikishwe ndani ya siku 5, kizazi ndani ya siku 42, na daktari aliyemtibu marehemu alazimike kutoa cheti cha sababu ya kifo. Daktari wa afya wa wilaya akawa wa lazima kuanzia sheria ya afya ya umma ya mwaka 1872. Mwaka 1894 zikaundwa wilaya za mijini na za vijijini zenye mabaraza yao, na ndizo utakazozikuta katika ripoti hizi.

Chini ya daktari huyo alikuwapo mkaguzi wa kero, ambaye huku kwetu tungemwita bwana afya: alikagua vyoo, visima, mazizi na machinjio. Juu yake, London, ilikaa Bodi ya Serikali za Mitaa, iliyodumu toka 1871 hadi Wizara ya Afya ilipoundwa mwaka 1919. Bodi ndiyo iliyotunga majedwali ya mfano yaliyojazwa na kila wilaya. La I ni la takwimu za wilaya nzima mwaka hadi mwaka, la II ni la maeneo ndani ya wilaya, la III ni la wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza walioripotiwa, la IV ni la sababu za vifo na umri, na la V ni la vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja. Fungua majedwali kwanza, maelezo ya daktari baadaye. Maelezo yaliandikwa ili yasomwe na madiwani, na madiwani walikuwa na kodi ya kulinda.

Hatua ya 1: Shika mpaka mmoja usiuachie

Uingereza ya wakati ule ilikuwa na mipaka miwili iliyopandana. Wilaya ya usajili ilifuata miungano ya parokia (hapa si za kanisa, ni maeneo madogo ya kiserikali) iliyoundwa kuhudumia maskini. Wilaya ya afya ilifuata baraza la mji au la vijiji. Majina yanaweza kufanana kabisa huku ardhi ikiwa tofauti. Hadi mwaka 1910 takwimu kuu za Msajili Mkuu, mkuu wa usajili wa taifa, zilichapishwa kwa wilaya za usajili, na kuanzia 1911 zikaanza kutolewa kwa wilaya za utawala. Kwa hiyo ukichukua vifo katika kitabu cha Msajili Mkuu cha 1905 na watu katika ripoti ya baraza ya mwaka huohuo, umegawa wafu wa eneo moja kwa walio hai wa eneo lingine.

Andika orodha ya parokia zilizomo. Kama parokia iliongezwa au kukatwa katikati ya kipindi, rudi kwenye sensa. Vitabu vya sensa ya 1901 vya kila kaunti vinatoa idadi ya watu ya kila parokia kwa 1891 na 1901 sambamba, hivyo unaweza kuijumlisha wilaya kwa mipaka yake mipya katika miaka yote miwili. Usikadirie ongezeko la watu kwa kutumia 1891 ya mpaka wa zamani na 1901 ya mpaka mpya. Utapata mji unaokua kwa kasi ya ajabu na kiwango cha vifo kinachoshuka kwa kasi hiyohiyo, vyote viwili vya uongo.

Hatua ya 2: Kadiria watu wa katikati ya mwaka

Sensa zilifanyika tarehe 5 Aprili 1891, 31 Machi 1901 na 2 Aprili 1911. Kati ya hapo hakuna aliyehesabu watu. Palikuwa na makadirio tu. Njia rasmi ilichukulia kwamba watu wanaendelea kuongezeka kwa uwiano uleule wa miaka kumi iliyopita, na hesabu ikapelekwa hadi katikati ya mwaka, yaani robo mwaka baada ya tarehe ya sensa, kisha miaka kamili juu yake.

Tuchukue wilaya ya mfano, ya kufundishia tu. Sensa ya 1891 iliikuta na watu 18,200, ya 1901 watu 20,400. Tunataka katikati ya 1908, yaani miaka 7.25 baada ya sensa:

20,400 × (20,400 ÷ 18,200)^(7.25 ÷ 10) = 22,160

Daktari wa wakati ule alifanya hivi kwa vitabu vya logi. Wewe utafanya kwa programu yoyote ya majedwali. Ukitumia ongezeko la mstari mnyoofu, watu 220 kwa mwaka, unapata 21,995. Tofauti hiyo ya watu 165 ni ndogo. Hatari kubwa iko kwingine: kudhani mji uliokua miaka ya 1890 uliendelea kukua miaka ya 1900. Viwanda vilifungwa, watu wakahamia vitongoji au Kanada, na kadirio likabaki linapanda peke yake.

Kwa hiyo kagua kwa nyumba. Mwaka 1901 wilaya yetu ilikuwa na nyumba 4,340 zenye watu, yaani watu 4.70 kwa nyumba. Daftari la kodi ya nyumba la 1908 linaonyesha nyumba 4,620 zenye wakazi. Zidisha, unapata takriban watu 21,720. Kadirio rasmi limezidi kwa watu 440 hivi. Madaktari makini waliandika makadirio yote mawili na kusema waliloliamini. Asiyesema alitumia lipi mtilie shaka. Nyumba nazo zina udhaifu wake, maana familia zilikuwa zikipungua ukubwa, kwa hiyo 4.70 ya 1901 inaweza kuwa kubwa mno kwa 1908.

Ukiwa na sensa ya 1911 mkononi, una faida ambayo daktari yule hakuwa nayo: kadiria upya miaka yote ya 1902 hadi 1910 kati ya sensa mbili, kisha piga viwango vyote upya. Miji mingi ilijikuta mwaka 1911 ina watu pungufu kuliko ilivyojitangaza, na viwango vyake vizuri vya miaka iliyotangulia vikapanda mara moja.

Hatua ya 3: Kadi moja kwa kila mfu

Msajili alimpelekea daktari wa afya orodha ya vifo. Kama una bahati ya kupata orodha yenyewe, au daftari la makaburi, au unafanya kazi na rejista yoyote ya zamani, usianze kwa kuweka alama za tano-tano kwenye jedwali. Tengeneza kadi moja kwa kila mfu, ya karatasi au mstari mmoja wa jedwali la kompyuta, yenye: tarehe ya kifo, tarehe ya kuandikishwa, jinsia, umri (siku au wiki kwa wachanga), kazi yake au ya baba, mahali pa kifo, mahali pa makazi, sababu kama ilivyoandikwa neno kwa neno, na nani aliithibitisha: daktari, mchunguzi wa vifo, au hakuna.

Tarehe mbili zinahitajika kwa sababu hesabu za wakati ule zilifuata kuandikishwa, si kufa. Aliyekufa Desemba 30 akaandikishwa Januari 3 anaingia mwaka mpya. Kwa mwaka mzima haidhuru sana, kwani wanaotoka hufidiwa na wanaoingia. Kwa wiki moja ya mlipuko inadhuru. Vifo vilivyopelekwa kwa mchunguzi huchelewa zaidi ya vyote, na humo ndimo walimo watoto waliokutwa wamekufa vitandani na wafanyakazi wa ajali.

Kila unapopanga kadi upya, kwa umri, kwa sababu, kwa parokia, jumla lazima irudi ileile. Isiporudi, simama hapohapo uitafute kadi iliyopotea.

Hatua ya 4: Ondoa wageni, rudisha wenyeji

Hapa ndipo viwango vingi vya kabla ya 1911 vinapoharibika. Nyumba ya maskini ya muungano ilijengwa katika wilaya moja ikahudumia parokia za wilaya tatu au nne. Wazee wa kotekote walikwenda kufia humo. Hospitali ya kaunti ilikuwa mjini, na wagonjwa wa vijijini wakafia mjini. Bila marekebisho, mji wenye hospitali unaonekana machinjio na kijiji kinaonekana paradiso.

Jedwali la I linakupa safu zinazohitajika. Wilaya yetu ya mfano, 1908:

Vifo vyote vilivyoandikishwa ndani ya wilaya: 372
Ondoa wasio wakazi waliofia katika taasisi za hapa: 61
Ongeza wakazi waliofia katika taasisi za nje: 23
Vifo halisi vya wilaya: 334

Kwa vifo 372 kiwango ni 16.8 kwa elfu. Kwa 334 ni 15.1. Ukitumia pia watu wa kadirio la nyumba, 15.4. Namba tatu za mwaka uleule, na kila moja ingeweza kuchapishwa kwa nia njema.

Soma maandishi madogo chini ya jedwali. Bodi ilimtambua asiye mkazi kuwa ni mtu aliyeletwa wilayani kwa sababu ya ugonjwa au udhaifu akafia katika taasisi ya umma. Mgeni wa likizo aliyezama baharini, au mchumaji wa maua ya kutengenezea bia aliyekuja Kent kutoka London kwa wiki chache akafia kambini, hakuwamo katika maana hiyo, basi alibaki katika hesabu ya wilaya. Kwa miji ya ufukweni hilo ni jambo la kuangalia kila kiangazi.

Safu ya kuongeza ndiyo huwa dhaifu. Daktari aliwajua waliofia katika nyumba ya maskini ya kwake, ila nani angemwambia kuhusu mkazi wake aliyefia hospitali ya London? Ukiona wilaya inaondoa wageni 60 na kuongeza wenyeji 0, mwaka baada ya mwaka, jua inajipendelea. Kuanzia 1911 Msajili Mkuu mwenyewe alianza kuwarudisha wafu kwenye wilaya walikokaa.

Wilaya yenye hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili ni suala tofauti kidogo. Wagonjwa wale walihesabiwa katika sensa hapohapo, basi ukiondoa vifo vyao lazima uondoe nao wenyewe katika idadi ya watu. Kuondoa juu na kuacha chini ni kosa lililofanywa na watu wazima wenye digrii.

Hatua ya 5: Sababu ya kifo, neno kwa neno

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa. Anayajua maneno ambayo si ugonjwa bali ni dalili iliyopewa jina. Degedege ni moja. Vyeti vya Uingereza vya 1900 vimejaa degedege, kuota meno, udhaifu wa kuzaliwa, kukonda na uzee. Mtoto aliyeandikwa amekufa kwa kuota meno alikuwa na miezi sita au minane, na mara nyingi aliharisha, kama ambavyo mama wengi hadi leo husema kuhara kunaletwa na meno. Daktari wa afya aliyejali aliandika barua kwa aliyetoa cheti na kuuliza: degedege iliyotokana na nini? Unapopanga kadi, yape maneno haya fungu lake peke yake. Usiyasambaze kwenye magonjwa kwa kukisia. Fungu hilo likipungua mwaka hadi mwaka huku nimonia au kuhara kukiongezeka, huenda kilichobadilika ni kalamu ya madaktari tu.

Kanuni za kupanga:

Cheti kikiwa na sababu mbili, surua na nimonia, kifo ni cha surua. Nimonia ndiyo iliyomaliza. Surua ndiyo iliyofungua mlango. Hali ni hiyohiyo kwa kifaduro na mkamba.

Krupu, yaani kikohozi cha watoto cha kubana koo, ikiandikwa kuwa ya utando iwekwe pamoja na dondakoo, kwani sheria yenyewe iliitaja katika maradhi ya kuripotiwa. Krupu isiyoelezwa zaidi iachwe peke yake.

Neno phthisis ni kifua kikuu cha mapafu. Tabes mesenterica ni jina lililopewa kifua kikuu cha tumbo la mtoto, lakini lilibeba pia watoto wengi waliokonda kwa kuhara kwa muda mrefu, kwa hiyo usijenge hoja juu yake pekee.

Kuhara ndiko kunakosumbua kuliko vyote. Mwaka 1900 Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London kilipendekeza jina jipya la ugonjwa wa tumbo wa mlipuko kwa kile kilichokuwa kikiitwa kuhara tu, na baadhi ya madaktari wakalifuata, wengine la. Kuanzia 1911 Msajili Mkuu alitumia orodha ya kimataifa ya sababu za vifo, yenye fungu la kuhara na ugonjwa wa utumbo kwa walio chini ya miaka 2. Mstari wa kuhara toka 1895 hadi 1914 basi una viungo viwili vilivyounganishwa vibaya. Njia salama ni kujumlisha kuhara zote na magonjwa yote ya utumbo ya walio chini ya miaka 2 kwa kipindi chote, na kuandika chini kwamba umefanya hivyo.

Kuna namba iliyopendwa sana na madiwani, kiwango cha vifo vya zimotiki, yaani vya maradhi makuu ya kuambukiza. Ilikusanya maradhi saba: ndui, surua, homa nyekundu, dondakoo, kifaduro, homa za jamii ya taifasi na homa ya matumbo, na kuhara. Vifo 26 katika wilaya yetu vinatoa 1.17 kwa elfu. Ihesabu kwa sababu utaikuta kila mahali, lakini usiiamini kama kipimo cha usafi wa mji. Surua na kifaduro havijali mfereji wa maji machafu, na mwaka mmoja wa surua unaweza kuizika kazi nzuri ya miaka mitano ya kujenga vyoo.

Hatua ya 6: Watoto wa chini ya mwaka mmoja

Hapa mgawanyo unabadilika: vifo vya walio chini ya mwaka mmoja hugawanywa kwa vizazi hai vya mwaka huohuo, kwa kila 1,000. Wilaya yetu iliandikisha vizazi 560 na vifo 62 vya wachanga, basi 111 kwa elfu. Kwa kulinganisha, England na Wales nzima ilikuwa 163 mwaka 1899, 151 mwaka 1901, 130 mwaka 1911 na 95 mwaka 1912. Kwa maneno mengine, mwaka 1899 mtoto mmoja katika kila sita hakufika siku yake ya kwanza ya kutimiza mwaka.

Angalia 1911 na 1912 pamoja. Hakuna sera iliyookoa watoto 35 katika kila 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili. Kiangazi cha 1911 kilikuwa cha joto kali na ukame, kuhara kukaua; cha 1912 kilikuwa baridi na mvua. Ukipewa ripoti ya 1912 inayojisifu kwa kuanzisha mama wa kutembelea wazazi majumbani, tafuta 1910 na 1913 kabla ya kumpongeza mtu.

Kwa sababu hiyo usiishie kwenye namba moja. Jedwali la V linagawa vifo kwa wiki nne za kwanza, kisha kwa miezi. Tenga mafungu mawili. Waliokufa ndani ya mwezi wa kwanza: wengi ni njiti, udhaifu wa kuzaliwa, majeraha ya uzazi, fungu hili halikutikiswa sana na hali ya hewa. Waliokufa mwezi wa pili hadi wa kumi na mbili: kuhara, surua, kifaduro, mkamba, nimonia. Hapa ndipo penye choo cha ndoo kisichomwagwa, nzi, maziwa ya ng'ombe yaliyochachuka na chupa yenye mpira mrefu usiosafishika. Kisha gawa fungu la pili kwa robo za mwaka. Kama Julai hadi Septemba imebeba kuliko robo nyingine zote, umempata muuaji.

Edward Ballard, aliyefanya uchunguzi wa kuhara kwa ajili ya Bodi katika miaka ya 1880, aliona kwamba vifo havipandi mpaka kipimajoto kilichozikwa futi 4 ardhini kifikie nyuzi 56 za Farenhaiti, kama 13 za Selsiasi. Ndiyo maana baadhi ya ripoti zina safu ya joto la udongo. Usiiruke, inakuambia kama kiangazi kilikuwa cha hatari au la.

Watoto waliozaliwa wafu hawakuandikishwa kabla ya Julai 1927. Hawamo juu ya mstari wala chini. Lakini sheria ya taarifa za vizazi ya 1907, ambayo kila wilaya ilikuwa na hiari ya kuipokea hadi ikafanywa ya lazima mwaka 1915, ilitaka taarifa ndani ya saa 36 kwa kila mtoto aliyezaliwa baada ya wiki ya 28, hai au mfu. Hivyo wilaya iliyoipokea ina namba mbili za vizazi, za taarifa na za usajili, na hazitalingana. Kwa kugawanya, tumia za usajili. Tofauti iliyobaki, ukishatoa waliozaliwa wafu, itakuonyesha wakunga gani hawakuwa wakiripoti.

Watoto wa nje ya ndoa wagawanywe kwa vizazi vya nje ya ndoa peke yake. Wilaya nyingi ziligawanya kwa vizazi vyote, na janga la watoto hao likafichika.

Hatua ya 7: Wagonjwa walioripotiwa

Sheria ya 1889, iliyokuwa ya lazima nchi nzima kufikia 1899, ilimtaka daktari aripoti ndui, kipindupindu, dondakoo, homa nyekundu, taifasi, homa ya matumbo, homa ya uzazi na mengine machache. Alilipwa shilingi 2 na peni 6 kwa kila mgonjwa wake binafsi, na shilingi 1 kwa mgonjwa wa umma. Kifua kikuu cha mapafu kiliingia kwa wote mwaka 1912, aina zake nyingine mwaka uliofuata. Kwa hiyo kuruka kwa wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1912 ni kuruka kwa karatasi.

Hesabu mbili za haraka. Ya kwanza, gawa vifo kwa wagonjwa: dondakoo 42, vifo 6, ni asilimia 14. Ya pili, linganisha na miaka ya jirani. Homa ya matumbo ikiwa na wagonjwa 4 na vifo 3, ugonjwa haukugeuka kuwa mkali ghafla, wagonjwa hawakuripotiwa. Na homa nyekundu ikishuka hadi asilimia 1 au 2, fahamu kwamba ilikuwa ikipungua ukali yenyewe miaka ile, usiipe hospitali ya kutengea wagonjwa sifa yote.

Kwa mlipuko, fuata safu za mkaguzi wa kero: tarehe ya kuanza kuugua (si ya kuripotiwa), nyumba, shule, muuza maziwa, chanzo cha maji, aina ya choo. Kwa homa ya matumbo rudi nyuma wiki mbili hivi kutoka siku ya kuanza kuugua, kwa dondakoo siku 2 hadi 5. Mlipuko wa maziwa hugonga nyumba nyingi kwa siku chache, zote za muuzaji mmoja, na mara nyingi nyumba zenye uwezo ndizo huumia zaidi kwa sababu hunywa zaidi. Mlipuko wa maji hufuata mabomba bila kujali tajiri wala maskini: Maidstone mwaka 1897 watu zaidi ya 1,800 waliugua homa ya matumbo kwa maji ya bomba, na Lincoln mwaka 1905, baada ya zaidi ya watu 1,000 kuugua, Alexander Houston alianza kutia dawa ya klorini katika maji ya mji. Ugonjwa unaosambaa polepole, nyumba kwa nyumba zinazochangia uwanja mmoja wa vyoo, huo ni wa vyoo na mikono.

Hatua ya 8: Sawazisha umri kabla ya kulinganisha

Mji wa ufukweni wenye wastaafu utakuwa na vifo vingi hata ukiwa msafi. Mtaa wa matajiri wenye vijakazi wengi wa miaka 15 hadi 30 utakuwa na vifo vichache hata mabomba yakivuja, kwani binti akiugua sana hurudishwa kwao akafie huko. Kwa hiyo Msajili Mkuu alitoa kizidishio kwa wilaya. Chukua viwango vya taifa vya kila kundi la umri na jinsia, vitumie kwa watu wa wilaya kama walivyohesabiwa na sensa, upate kiwango kinachotarajiwa. Tuseme cha taifa ni 18.2 na kinachotarajiwa katika wilaya yetu yenye wazee wengi ni 19.6. Kizidishio ni 18.2 ÷ 19.6 = 0.929. Kiwango chetu cha 15.1 kinakuwa 14.0.

Kizidishio cha sensa ya 1901 hakifai kutumika baada ya 1911. Na usikizidishe kwa vifo ambavyo bado havijapitia hatua ya 4. Wazee wa nyumba ya maskini wataharibu kila kitu.

Hatua ya 9: Pima uzito wa namba ndogo

Parokia moja ilikuwa na vizazi 31 na vifo 5 vya wachanga: 161 kwa elfu. Angekufa mmoja zaidi, 194. Mmoja pungufu, 129. Hakuna daktari anayeweza kusoma afya ya kijiji katika namba inayorukaruka hivyo. Kipimo cha haraka: chukua kipeuo cha pili cha vifo, zidisha kwa 2, hicho ndicho kiasi ambacho bahati pekee inaweza kusogeza hesabu. Kwa vifo 334 ni takriban 37, maana yake kiwango cha 15.1 kingeweza kuwa popote kati ya 13.4 na 16.7 bila chochote kubadilika wilayani. Kwa parokia, jumlisha miaka mitano au kumi. Kwa wiki moja ya wilaya ndogo, usipige kiwango cha mwaka kabisa: vifo 9 vya wiki vikizidishwa kwa 52.18 vinatoa 21.2 kwa elfu, na wiki inayofuata vinaweza kuwa 4.

Magazeti ya wakati ule yalichapisha viwango vya wiki vya miji, na mabaraza yalitukanana kwa ajili yake.

Andika nini chini ya jedwali lako

Kila jedwali unalolitoa liwe na mistari hii chini yake: mpaka uliotumika na parokia zake, chanzo cha idadi ya watu na kama ni kadirio la kabla au baada ya sensa ya 1911, vifo ni vya kuandikishwa au halisi, na wangapi waliondolewa na kuongezwa, taasisi zilizotolewa juu na chini, namna kuhara kulivyopangwa, kizidishio cha umri na sensa yake, na vifo vyenyewe kwa idadi, si viwango peke yake. Msomaji akiwa na idadi anaweza kurudia hesabu yako.

Anayetaka kutumia njia hii kwa rejista za kwetu, za misheni, za manispaa au za makaburi, aanze na hatua ya 1 na ya 4. Hospitali ya rufaa bado inapokea wagonjwa wa mikoa jirani, na wengi hufia humo. Cheti kinaandikwa kwa wilaya ya hospitali, mwili unasafirishwa kwenda kuzikwa nyumbani, na bila safu ya makazi kwenye kadi hutajua ni wilaya gani ilimpoteza.